Unataka kuwa tabibu? Kabla ya kuuliza mshahara, uliza nani atakulipa

Ingia Google leo usiku uulize kwa Kiingereza wasaidizi wa madaktari hulipwa pesa ngapi. Jibu la kwanza litakutoa macho. Utaambiwa kwamba kufikia Mei 2024, nusu ya wanaofanya kazi hiyo walikuwa wanapata zaidi ya dola 44,200 kwa mwaka. Piga hesabu kwa shilingi 129 kwa kila dola, kisha ugawe kwa miezi 12. Unapata karibu shilingi 475,000 kwa mwezi. Hapo ndipo mtu huanza kuchagua rangi ya gari.

Sasa tulia kidogo. Hizo ni takwimu za serikali ya Marekani na zinahusu kazi ya Marekani. Kule, msaidizi wa daktari anapima presha na uzani, anapanga miadi, anadunga sindano akiagizwa na kujaza rekodi kwa kompyuta. Haandiki dawa na hasemi wewe unaugua nini. Kwa hivyo ukimtumia mathe hiyo picha ya skrini ili akulipie karo, unamuuzia kazi ambayo haiko Kenya.

Hapa kwetu mtu aliye kati ya muuguzi na daktari ni tabibu, yule wengi tunamwita "klinikal". Huyu anakupima, anatambua ugonjwa, anaandika dawa, anashona kidonda na kuamua kama unalazwa au unarudi nyumbani. Ukikimbiza mtoto mwenye joto jingi hospitalini saa nane usiku, yule unayemwita "dakitari" na kumshukuru mara mia, mara nyingi ni tabibu.

Kila matokeo ya KCSE yakitoka, inbox yangu hujaa swali moja: "Bro, utabibu unalipa?" Mimi niliachana na chuo zamani, kwa hivyo sina kozi ya kukuuzia. Lakini nimepiga stori na matabibu wa kutosha, kwa vibanda vya chai nje ya hospitali, kujua kwamba swali lenyewe linaulizwa vibaya. Nawajua wawili waliomaliza darasa moja, cheti kimoja, leseni ya aina moja. Mmoja ameajiriwa na kaunti kwa kazi ya kudumu. Mwingine yuko kwa kliniki ya mtaa hapa Eastlands. Ukiangalia maisha yao utadhani walisomea vitu tofauti. Kilichowatenganisha ni karatasi ya kazi waliyosaini. Akili na bidii zao ni zile zile.

Basi tuifungue hiyo karatasi.

Kabla hata ya mshahara wa kwanza

Kuingia stashahada ya utabibu KMTC unahitaji alama ya wastani ya C, na masomo kama Baiolojia na Kemia uwe umeyafanya vizuri. Unasoma miaka mitatu. Ukimaliza, unafanya mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini. Halafu unasajiliwa na Baraza la Matabibu, na leseni yako unailipia upya kila mwaka. Bila leseni hufai kugusa mgonjwa, hata kama ulikuwa namba moja darasani.

Kitu ambacho hakuna mtu hukuambia ukijaza fomu ni kusubiri. Kati ya kumaliza darasa na kupangiwa hospitali ya uanagenzi, kuna watu hukaa nyumbani miezi na miezi. Hapo hulipwi, husomi, na majirani wanakuuliza daktari mbona huendi kazi. Kupangiwa kwa wanagenzi ilikuwa moja ya sababu za matabibu kugoma 2024. Kwa hivyo ukihesabu faida ya kozi hii, hesabu pia huo muda wa kukaa bila kitu. Kama nyumbani wanategemea uanze kuleta pesa miaka mitatu kamili baada ya kujiunga, waambie mapema kwamba haitakuwa hivyo.

Na kitu kingine: vyuo vya ghorofani viko kila kona ya jiji. Kabla mzee hajauza ng'ombe, hakikisha chuo na kozi vimeidhinishwa na Baraza la Matabibu. Kozi isiyotambuliwa haikupi leseni, na bila leseni hakuna mshahara wa kujadili.

Karatasi ya kwanza: kazi ya kudumu ya kaunti

Tangu ugatuzi uanze 2013, hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti 47. Kwa hivyo mwajiri mkubwa wa matabibu ni gavana wako, si waziri aliye Nairobi.

Serikalini pesa inafuata daraja. Tabibu mwenye stashahada huingia daraja H, halafu anapanda J, K, L na kuendelea. Mwenye digrii huanzia K. Hiyo ndiyo sababu unaona watu wenye kazi tayari wakirudi kusoma digrii wikendi. Si sifa, ni daraja.

Lakini mshahara wa msingi ni sehemu tu ya stori. Serikalini, marupurupu ndiyo hubeba mzigo: nyumba, usafiri, hatari ya kazini na ya huduma ya afya. Ukipelekwa Turkana, Marsabit au Mandera, kuna na ya mazingira magumu. Kwa hivyo mtu akikutajia mshahara wake wa msingi na unaona ni kidogo, muulize jumla. Na mtu akikutajia jumla, muulize inayofika kwa benki.

Ubaya uko wapi? Wa kwanza ni kupanda daraja. Sheria ya utumishi inasema utapanda baada ya miaka fulani, lakini kaunti ikisema haina bajeti, unakwama. Kuna matabibu wana nywele za mvi na bado wako karibu na pale walipoanzia. Wa pili ni tarehe. Pesa zikichelewa kutoka hazina kuu, mshahara wa kaunti nao unachelewa, na mwenye nyumba wako hajui mambo ya ugatuzi. Ndio maana utapata mtu ana kazi ya serikali na bado ana Fuliza.

Hata hivyo, hii ndiyo karatasi ambayo karibu kila tabibu anaitaka, kwa sababu moja rahisi: ina pensheni, ina likizo, na benki inakukopesha ukiionyesha.

Karatasi ya pili: kandarasi

Sasa tuongee ukweli. Mwaka wa 2020, corona ikiwa imetubana, serikali iliajiri maelfu ya wahudumu wa afya chini ya mpango wa afya kwa wote, UHC. Walipewa kandarasi. Wakafanya kazi ile ile, wadi ile ile, zamu ile ile na wenzao wa kudumu, lakini kwa pesa kidogo na bila marupurupu mengi. Kandarasi ikaisha, ikaongezwa, ikaongezwa tena. Mwaka wa 2025 walipiga kambi nje ya Afya House jijini Nairobi, wakilala hapo kwa baridi, wakidai kazi ya kudumu na malipo yao ya kumaliza kandarasi.

Fikiria hiyo picha. Watu waliovaa maski wakati sisi tumejifungia nyumbani, miaka mitano baadaye wako kwa lami wakiomba barua.

Funzo kwako ni hili: ukipewa kandarasi ya serikali usiikatae kama huna kingine, lakini usiishi kana kwamba ni ya kudumu. Usichukue mkopo wa miaka mitano kwa kazi ya miaka mitatu. Na soma kama kuna malipo ya mwisho wa kandarasi, ni asilimia ngapi, na nani anayalipa.

Karatasi ya tatu: kliniki ya mtaa

Hapa ndipo wengi wenu mtaanzia, kwa sababu Kayole, Githurai, Pipeline na Mlolongo hazikosi kliniki. Faida yake ni kwamba unapata kazi haraka. Hasara ni kwamba mshahara ni maelewano kati yako na mwenye kliniki, na yeye ana wenzako wengine wanne wanaosubiri nje.

Tuseme umekubaliana 35,000 kwa mwezi. Hiyo si takwimu ya nchi, ni mfano wa kufanyia hesabu. Kwa viwango vya makato vya 2025, hivi ndivyo pesa itaondoka ikiwa mwajiri anafuata sheria:

- NSSF, asilimia 6: 2,100
- SHIF ya bima ya afya, asilimia 2.75: 962.50
- Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5: 525
- Kodi ya mapato, baada ya nafuu ya 2,400: kama 1,853

Kinachobaki ni karibu 29,560. Hapo HELB haijabisha hodi.

Sasa weka masaa. Kliniki nyingi za mtaa hufanya zamu ya masaa 12, siku sita kwa wiki. Hiyo ni siku 26, masaa 312 kwa mwezi. Gawanya. Unapata kama shilingi 95 kwa saa moja, kwa mtu aliyesoma miaka mitatu na kufanya uanagenzi mwaka mmoja, na ambaye akikosea dozi mtoto anaweza kufa.

Linganisha na kibarua cha zamu, kile wenyewe wanaita lokamu. Kliniki ikikuita ushike zamu moja ya usiku kwa 1,500, hiyo ni 125 kwa saa. Ndiyo sababu unaona matabibu wana kliniki mbili, tatu. Anatoka hapa saa mbili asubuhi, analala kwa matatu, anaingia pale. Mwisho wa mwezi pesa inaonekana, lakini mwili ndio unalipa. Na lokamu haina likizo ya ugonjwa: usipofika, hulipwi.

Na kwa vile kliniki hizi nyingi hutegemea wagonjwa wa bima, pesa za SHA zikichelewa kufika, wa kwanza kuambiwa "vumilia kidogo" ni wafanyakazi. Ukienda kuomba kazi, uliza wengine walilipwa tarehe ngapi mwezi uliopita. Usimuulize meneja, muulize mtu wa mapokezi.

Kitu kingine unafaa kujua: Novemba 2024, mshahara wa chini kabisa wa kibarua wa kawaida Nairobi uliwekwa kuwa 16,113.75, bila marupurupu ya nyumba. Ukipewa kazi ya utabibu kwa pesa inayokaribia hiyo, usione aibu kusema hapana. Hapo mtu anajaribu kununua leseni yako ili kliniki yake ionekane iko na mtaalamu.

Karatasi ya nne: mashirika na misheni

Hospitali za makanisa mara nyingi hazilipi kama kaunti, lakini nyingi zina utaratibu, na unajifunza kazi nyingi kwa muda mfupi. Mashirika yasiyo ya serikali ndiyo kwa miaka mingi yalikuwa yanalipa vizuri, hasa kliniki za HIV na kifua kikuu. Wengi waliacha kaunti wakaenda huko.

Halafu Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje. Kwa wiki chache watu wakawa wanakabidhi funguo na laptopu. Hawakuwa wamekosa kazini, na wagonjwa hawakuwa wameisha. Mfadhili alibadilisha nia, basi.

Usiogope kazi za mashirika. Lakini zikikulipa mara mbili ya kaunti, ile nusu ya juu ichukulie kama pesa ya dharura. Weka kwa sacco, soma kitu, nunua muda.

Kitu unachoweza kubadilisha wewe mwenyewe

Mwajiri huwezi kumbadilisha kwa maombi, lakini ujuzi unaweza. KMTC ina stashahada za juu kwa matabibu: afya ya watoto, macho, masikio na pua na koo, mifupa, afya ya uzazi, na nusukaputi, yaani kumlaza mgonjwa usingizi wa upasuaji.

Kwa nini zinasaidia? Kwa sababu zinapunguza ile foleni ya wanne wanaosubiri nje. Tabibu wa kawaida anaweza kubadilishwa kesho. Lakini hospitali yenye chumba cha upasuaji haiwezi kupasua bila mtu wa nusukaputi, na hospitali ndogo haziwezi kumweka daktari bingwa kila siku. Tabibu wa macho aliyefunzwa kuondoa mtoto wa jicho anatafutwa hadi kwa kambi za matibabu mashambani. Ukiwa na ujuzi wa hivyo, hata bei ya zamu moja unaitaja wewe.

Ubaya ni kwamba kusoma kunataka karo na muda, na ukiwa kliniki ya mtaa mwenye kliniki hatakungoja. Aliye na kazi ya kudumu anaweza kuomba ruhusa ya masomo huku mshahara ukiendelea. Umeona vile karatasi ya kwanza inazaa nyingine?

Njia nyingine ni kufungua kliniki yako. Sheria ya matabibu ya 2017 inaruhusu tabibu kupewa leseni ya kufanya kazi kivyake. Lakini hapo unaacha kuwa mfanyakazi na kuwa mwenye kodi, stima, dawa zinazoisha muda na madeni ya SHA. Kuna waliotoboa. Kuna waliorudi kuajiriwa.

Chama si cha wazee

Vijana wengi wakisikia makato ya chama wanaona ni wizi mdogo. Angalia hii. Madaktari wanagenzi walikuwa na mkataba wa 2017 unaosema walipwe 206,400 kwa mwezi. Mwaka wa 2024 serikali ikasema itawapa 70,000. Madaktari wakagoma siku 56, wakavutana hadi Desemba, na serikali ikakubali kurudi kwa kiwango cha mkataba. Kilichowaokoa ni karatasi iliyosainiwa na chama, na watu wa kuidai.

Matabibu nao, kupitia KUCO, waligoma kuanzia Aprili 2024 hadi Julai. Zaidi ya miezi mitatu. Kuna waliokaa bila mshahara, na wagonjwa wasio na uwezo wa hospitali za kibinafsi waliumia zaidi. Sisemi mgomo ni raha. Nasema tu kwamba mshahara wa tabibu wa umma hauamuliwi na bidii yake peke yake. Unaamuliwa mezani, na kama huna mtu kwa hiyo meza, watu wengine watakuamulia.

Na majuu je?

Najua ulikuwa unangoja hii. Ukweli unauma: muuguzi wa Kenya ana njia iliyonyooka zaidi. Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wahudumu wa afya Julai 2021, na wauguzi ndio walilengwa. Cheo cha tabibu wetu hakitambuliwi hivyo Ulaya na Marekani. Kazi ya Marekani inayofanana na yake inataka usome upya hadi digrii ya uzamili. Ukienda bila kusoma, unaweza kujikuta unahudumia wazee nyumbani kwao. Ni kazi ya heshima na inalipa, lakini si utabibu. Kama ndoto yako kuu ni kupanda ndege, fikiria uuguzi kabla ya kujaza fomu.

Kabla ya kusaini

Sheria ya Ajira ya 2007 iko upande wako kuliko unavyojua. Kazi ya miezi mitatu au zaidi inafaa kuwa na mkataba ulioandikwa. Muda wa majaribio usizidi miezi sita kwa mara ya kwanza. Kila mwaka una siku 21 za likizo yenye malipo, na kila wiki siku moja ya kupumzika. Kila mwezi unafaa kupewa hati inayoonyesha umelipwa nini na umekatwa nini. Mwajiri anayekutumia mshahara kwa M-Pesa bila karatasi yoyote, siku moja utashangaa kupata kwamba NSSF yako haina kitu.

Kwa hivyo wakikuita kwa mahojiano, nenda na maswali haya kwa simu yako:

Jumla ni ngapi, na inayofika mkononi ni ngapi? Zamu ni masaa mangapi, na usiku unalipwa tofauti? Mwezi uliopita mlilipa tarehe gani? NSSF na SHIF mnapeleka? Leseni ya kila mwaka inalipwa na nani? Nikishtakiwa na mgonjwa, bima ya kazi iko? Nikitaka kurudi shule, mnanipa ruhusa?

Wakikasirika kwa sababu umeuliza, umeokoa muda wako. Na kama wewe ndio kwanza unangoja kujiunga na KMTC, kaa chini na wazazi mfanye hesabu ya miaka mitano, si mitatu: mitatu ya darasa, mmoja wa uanagenzi, na mmoja wa kusubiri na kuhangaika. Mkiona mnaweza kuvuka hiyo miaka bila kuuza kitu cha mwisho mlicho nacho, jaza fomu. Nchi hii inahitaji matabibu, na usiku wa leo kuna mtoto ana joto mahali.